Mfuko wa Mama Anayenyonyesha: cha Kununua, cha Kushona na cha Kuacha Dukani

Mjamzito anapokaribia wiki ya 36, mazungumzo ya kliniki huanza kugusa mfuko wa kujifungulia. Orodha yake inajulikana: doti za kanga, glavu, pamba, nguo za mtoto. Karibu kila kilichomo ni cha siku ya uchungu. Kinachofuata, yaani miezi sita ya maziwa ya mama pekee na kuendelea kunyonyesha hadi mtoto atimize miaka miwili au zaidi, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, huachwa kwa wenye maduka, mashoga na mawifi. Hapo ndipo mama mwenye fedha kidogo hununua chupa tatu na pampu, kisha akarudi nyumbani na sidiria ileile aliyoivaa kabla ya mimba.

Ununuzi huo umepinduliwa juu chini. Sidiria ndiyo ingestahili kutangulia, kwa sababu matiti huanza kuongezeka tangu mimba changa, kisha hujaa upya maziwa yanapoingia kwa wingi, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano baada ya kujifungua. Sidiria inayobana hukandamiza sehemu moja ya titi, maziwa ya sehemu hiyo hayatoki vizuri, na palipotuama huvimba. Mama huhisi uvimbe mgumu wenye maumivu na joto. Baadaye huja homa na uchovu wa mwili mzima. Vitabu vingi vya tiba hutaja wekundu wa ngozi kuwa dalili, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni rahisi kupitwa. Mtoa huduma aguse kwa kiganja na alinganishe titi moja na jingine. Mama huyo haachi kunyonyesha. Kuacha ghafla huongeza mlundikano wa maziwa na kumsogeza karibu na jipu.

Sidiria inayofaa ni ya pamba, pana mabegani, isiyo na waya, hasa katika wiki za mwanzo ambapo ukubwa wa titi hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Mama aipime katika wiki za mwisho za ujauzito, akiwa amevaa na si kwa kuitazama ilivyotundikwa. Vidole viwili vipite bila taabu chini ya mshipi. Akiinua mikono, mshipi usipande. Akiivua jioni, ngozi isiwe na michirizi mirefu iliyochimbika. Nafasi kidogo ibaki ndani kwa ajili ya maziwa yatakayokuja. Tatu zinatosha: ya mwilini, ya kwenye kamba na ya akiba. Usiku halazimiki kuvaa yoyote.

Sidiria maalumu zenye kifuniko kinachofunguka mbele ni nzuri, ila si lazima. Fundi cherehani aliye makini anaweza kuikata ya kawaida juu ya titi na kuweka kishikizo kinachofunguliwa kwa mkono mmoja, maana mkono wa pili umembeba mtoto. Kuhusu mitumba, Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uingizaji wa nguo za ndani zilizokwishavaliwa, ingawa bado huonekana mezani sokoni. Mbali na suala la usafi, mpira wake mara nyingi umechoka, na sidiria isiyoshika haina msaada kwa titi lililojaa.

Kisha lipo gauni la arobaini. Kitenge huchaguliwa miezi kabla, fundi hushona gauni linalobana kiunoni, zipu ikapanda mgongoni. Siku yenyewe mtoto analia, mama hawezi kufungua mbele, chumba cha kujisitiri kimejaa wageni, na shangazi mmoja mwenye nia njema anachomoa chupa. Mtoto anayezoea chuchu ya mpira, ambayo hunyonywa kwa namna nyingine kabisa, huweza kukataa ziwa au kulishika vibaya. Zipu mbili zilizofichwa kwenye mikunjo ya kifua, au vishikizo vya mbele, hugharimu kidogo na huokoa siku nzima. Ndivyo ilivyo kwa baibui: lenye vishikizo mbele linamfaa anayenyonyesha kuliko la kuvalia kichwani. Dera nalo lina upana wa kutosha, lakini mengi hutengenezwa kwa kitambaa kisichonyonya jasho, na mama wa Dar es Salaam au Tanga anajua maana yake mwezi wa Februari.

Kanga haijapata mpinzani. Ni ya pamba, hunyonya maziwa yanayovuja, humsitiri mama kwenye daladala, na kwa mtoto njiti humfunga kifuani ngozi kwa ngozi, njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Iliyo mpya ifuliwe kwanza ili ukakamavu wa wanga na rangi ya ziada vitoke. Ubaya huja pale wazee wanapoitumia kuyafunga matiti kwa nguvu ili “yasianguke” au yapunguze kujaa. Kufunga huko hufanya kile kile kinachofanywa na sidiria inayobana. Nguo zote za mama na mtoto zianikwe juani, si chini kivulini, na zipigwe pasi pande zote, hata mishono: yuko inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake huingia chini ya ngozi.

Kwa maziwa yanayovuja, vipande vya kitambaa cha pamba vilivyokunjwa na kushonwa duara hufanya kazi ya pedi za dukani. Jambo la kuangalia ni unyevu. Pedi yenye plastiki nyuma huhifadhi majimaji, na chuchu inayoloa siku nzima hukaribisha fangasi.

Krimu za chuchu huuzwa kwa bei kubwa kwa tatizo ambalo mara nyingi halitokani na ukavu. Chuchu huchanika kwa sababu mtoto ameshika ncha tu badala ya kuingiza kinywani sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Mtoa huduma amtazame mama akinyonyesha kabla ya kumwandikia chochote. Matone machache ya maziwa yake mwenyewe yakipakwa na kuachwa yakauke yanatosha kwa wengi. Asali isipakwe kamwe, kwani kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli. Kwa mama anayeishi na VVU mchaniko ni suala zito zaidi, kwa kuwa jeraha hilo na uambukizo wa titi huongeza hatari ya virusi kumfikia mtoto. Aendelee na dawa zake, amnyonyeshe upande ulio mzima, akamue na kumwaga maziwa ya upande wenye jeraha hadi lipone, na afike kliniki bila kungoja tarehe yake.

Pampu ina nafasi yake kwa mama anayetengana na mtoto kwa saa nyingi. Ile yenye kipira cha kuminya kama honi ya baiskeli iachwe dukani: maziwa hupanda ndani ya kipira na hakuna namna ya kukisafisha. Mikono iliyonawiwa na bakuli lenye mdomo mpana lililochemshwa vinawatosha wengi, ilimradi muuguzi amewaonyesha namna ya kukamua. Maziwa hayo hukaa saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, muda mfupi zaidi kwenye joto la pwani, na siku nne kwenye jokofu. Yapashwe moto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe. Kisha mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kilicho wazi. Hata njiti wengi huweza kunywa hivyo, na kikombe huoshwa pote kwa sabuni na maji, wakati chupa ina pembe na chuchu yenye tundu ambamo mabaki hujificha na kuleta kuhara. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981 inakataza chupa na chuchu zake kutangazwa kwa umma au kugawiwa mama kama zawadi, na bango la aina hiyo halina mahali kwenye ukuta wa kliniki.

Kwa aliyeajiriwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Siku 84 haziitimizi miezi sita. Ndiyo maana mama huyo anahitaji kujua, kabla hajarudi kazini, ni chumba gani chenye mlango unaofungwa atakachokamulia, na kama sare yake inafunguka mbele. Wauguzi wenyewe wangeanza na zao.