Riyali 900 kwa Saa Ngapi?

Mshahara wa mwanamke Mkenya anayekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani hutajwa kwa nambari moja: riyali 900 kwa mwezi. Wakala huitaja ofisini Nairobi, mama huirudia kwa majirani, na binti mwenyewe huipigia hesabu kabla hata hajapata pasipoti. Kila inapotajwa hufuatwa na nambari ya pili, ya shilingi, kwa kuwa ndiyo inayolipa karo na kununua mabati. Nambari hiyo ya pili ndiyo chanzo cha makala haya, kwa sababu haitulii. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo riyali 900 ni dola 240, jana na leo. Shilingi ya Kenya haijafungwa popote. Januari 2024, dola ikiuzwa kwa takriban shilingi 160, dola 240 zilikuwa shilingi 38,400. Kufikia katikati ya mwaka huo shilingi ilikuwa imepata nguvu, dola ikashuka hadi kama 129, na dola zilezile 240 zikawa shilingi 30,960. Shilingi 7,440 zilitoweka katika mshahara wa kila mwezi bila mwajiri kuvunja mkataba, bila mfanyakazi kukosea, bila wakala kukata chochote. Aliyeaga nyumbani kwa ahadi ya elfu thelathini na nane alijikuta akituma elfu thelathini, na karo ya watoto ilikuwa ileile.

Kipimo kinachoyumba namna hiyo hakifai kumwongoza mtu katika uamuzi wa miaka miwili ya maisha yake. Kipo kingine kilicho imara zaidi, nacho ni saa. Mshahara ni bei ya muda wa mtu, na bei haisemi kitu mpaka ujue umeuza muda kiasi gani. Mei 2025 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake zaidi ya 70 waliowahi kufanya kazi hiyo Saudi Arabia. Wastani wa mshahara wao ulikuwa riyali hizo 900, siku yao ya kazi mara nyingi ilipita saa 16, na karibu wote hawakupewa hata siku moja ya kupumzika. Ukizidisha saa 16 kwa siku 30 unapata saa 480. Gawanya dola 240 kwa saa hizo, unabaki na nusu dola, yaani shilingi 64 na senti kadhaa kwa saa moja.

Sasa rudi Nairobi. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 inamtaka mwajiri wa jiji amlipe mfanyakazi wa nyumbani si chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kwa wiki ya kazi ya saa 52. Hizo ni kama saa 225 kwa mwezi, na kila saa inatoka kwa shilingi 71 na ushei. Kwa mwezi, Saudia inalipa karibu mara mbili ya Nairobi. Kwa saa, mwanamke aliyevuka bahari akafanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane analipwa chini ya kima cha chini cha kisheria cha jiji alilolikimbia. Nyongeza anayoiona kwenye simu pesa zinapoingia imetoka katika usingizi wake.

Mwezi wa Ramadhani unaonyesha jambo hili kwa karibu kuliko mwezi mwingine wowote. Nyumba hugeuza usiku kuwa mchana. Alasiri yote ni maandalizi ya futari: supu, sambusa, wali, nyama, sinia za matunda, mara nyingi kwa jamaa wengi kuliko wenye nyumba. Futari ikiisha, sufuria na sinia hurundikana kwenye sinki, zulia linasubiri kufagiliwa makombo, na wageni wa baada ya tarawehe wako njiani wakitarajia kahawa na tende. Hao wakiondoka, daku inakaribia, jiko linawashwa tena. Baada ya alfajiri wenye nyumba wanalala, lakini watoto wadogo hawafungi, nao huamka asubuhi wakitaka kula. Mkataba unauhesabu mwezi huo kama mwezi mwingine wowote. Hakuna mahali panapoandikwa saa ambayo sahani ya mwisho ilikaushwa, na kisichoandikwa hakilipwi.

Mwenyewe aliyeifanya kazi hiyo ana jibu kwa hesabu hizi, na lazima lisikilizwe kabla ya la mwingine yeyote, maana mwili uliochoka ni wake. Hoja yake huanzia mahali ambapo wachumi hawaanzii. Kule, husema, sikulipa nyumba, sikununua unga, sikupanda matatu. Kilichoingia kilikuwa akiba. Nairobi angepewa hizo elfu kumi na sita, angekatwa na kodi ya chumba, chakula na nauli mpaka abaki na vumbi. Tena hizo elfu kumi na sita zenyewe, huendelea, zipo kwenye gazeti la serikali. Waajiri wengi wa mitaani humlipa yaya nusu yake au pungufu, humwamsha kabla ya watoto na kumlaza baada ya wageni, na hakuna mkaguzi anayebisha hodi. Kwake yeye mizani haina Nairobi ya sheria upande mmoja na Saudia ya maonevu upande wa pili. Ina kazi ngumu yenye malipo ya kueleweka upande mmoja, na kazi ngumu yenye malipo ya huruma, au kukosa kazi kabisa, upande wa pili. Mwanamke anayepima hivyo ana akili timamu, na kumwambia abaki nyumbani ni kumnyima kitu bila kumpa mbadala. Serikali ilijaribu kufunga mlango huo mwaka 2014, na ikaufungua tena mwaka 2017, hali nyumbani ikiwa ileile.

Hata hivyo, hoja yake ikifuatwa hadi mwisho inaiunga mkono hesabu ya saa. Yeye mwenyewe hakatai kwamba saa ndiyo bidhaa anayouza. Kinachomuuma ni kwamba hakuna anayeiheshimu. Ushahidi uko katika neno ambalo Wakenya wa kule wamelibuni. Mwanamke aliyetoroka nyumba ya mwajiri na kuishi kwa vibarua huitwa “kemboi”, jina la mwanariadha wetu mashuhuri wa mbio za kuruka viunzi na maji. Kemboi huishi kwa hofu, maana akishatoroka hana kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, wa kumtetea na kibali chake cha ukaazi hakimlindi tena. Lakini wako wanaochagua hofu hiyo, kwa sababu nje ya nyumba kazi huuzwa kwa siku au kwa saa, na ikiisha imeisha. Mtu anapokuwa tayari kubadilisha usalama wa karatasi kwa haki ya kumaliza kazi na kulala, ametuonyesha bei halisi ya saa zake.

Kitu cha pili kinachofichwa na nambari ya mwezi ni pasipoti. Mwishoni mwa 2006 Ufilipino iliweka kima cha chini cha dola 400 kwa raia wake wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani ng'ambo, ikakataza wasitozwe ada ya kutafutiwa kazi. Dola 400 ni riyali 1,500. Kwa hiyo katika mtaa mmoja wa Riyadh, jiko hili na jiko la jirani, zulia lilelile na watoto walewale, Mfilipino wa kima hicho alilipwa riyali 600 zaidi ya Mkenya kila mwezi. Kwa mkataba wa miaka miwili hizo ni riyali 14,400, sawa na miezi 16 ya mshahara wa Mkenya. Hata ada anayolipa mwajiri kwa ofisi ya kuajiri imepangwa kwa uraia. Mwishoni mwa 2023 wizara ya kazi ya Saudi Arabia ilishusha viwango vya juu vya ada hizo, bila kuhesabu kodi: Ufilipino riyali 14,700, Kenya 9,000, Uganda 8,300, Ethiopia 5,900. Itazame ya Kenya. Mwajiri anaweza kulipa riyali 9,000 kwa mkupuo kabla mfanyakazi hajashika fagio, nayo ni mishahara ya miezi kumi ya mwanamke huyo. Pesa hizo haziingii mfukoni mwake, lakini ndizo zinazomfanya mwenye nyumba aamini kwamba amemnunua, na kwamba kumpa siku ya mapumziko ni hasara.

Wapo watakaosema kwamba Kenya ikidai riyali 1,500 itapoteza soko, na waajiri watageukia Uganda, Ethiopia au Bangladesh. Si hoja ya kupuuza. Lakini Mfilipino ni ghali kwa mshahara na ni ghali kwa ada, na bado anaajiriwa. Nyuma yake kuna mafunzo yanayotambulika na serikali iliyoshikilia kima chake kwa karibu miaka 20. Ugumu wa kweli uko kwetu Afrika Mashariki: Nairobi ikipandisha bei peke yake, je, Kampala na Addis Ababa hazitaishusha? Na zikikaa mezani pamoja, nani atakubali kupoteza pesa zinazotumwa nyumbani wakati wa mvutano? Wakenya wa ng'ambo walituma dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Serikali inayozitegemea pesa hizo huona taabu kumkaripia anayezilipa. Swali hilo bado liko wazi, na wanaolilipia ni wanawake walioko kazini usiku huu.

Ipo njia ya karibu isiyohitaji kungoja nchi tatu zikubaliane. Kanuni za Saudi Arabia zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka ukomo wa saa kumi kwa siku na siku moja kamili ya mapumziko kwa wiki. Zikifuatwa, mwezi unakuwa na saa kama 260, na riyali zilezile 900 zinapanda kutoka shilingi 64 hadi takriban 119 kwa saa. Hakuna riyali hata moja iliyoongezwa; kilichoongezwa ni usingizi. Ndiyo maana maafisa wetu wanapojadiliana na Riyadh wanapaswa kudai kwanza utaratibu wa kuhesabu saa na kumwadhibu mwajiri anayezizidisha, kabla ya kujisifu kwa idadi ya nafasi za kazi walizopata. Wasisahau pia kwamba Machi 2025 gazeti la New York Times liliripoti vifo vya Wakenya wasiopungua 274 nchini humo katika miaka mitano, wengi wao wanawake. Uchovu wa saa 16 kwa siku si suala la mshahara tu.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na mdogo wako, binti yako au jirani anayejiandaa kusafiri, usimkatishe tamaa. Kaa naye mezani. Hakikisheni kwamba wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usomeni mkataba pamoja, mtafute sehemu inayotaja saa za kazi na siku ya mapumziko, na msipoiona, aulize kabla ya kutia sahihi. Gawanyeni mshahara kwa saa, mbele yake, kwa kalamu. Akishajua kwamba riyali 900 zinaweza kuwa shilingi 119 kwa saa, na kwamba kwa wengi waliotangulia zilikuwa 64, uamuzi utakuwa wake.