Mkataba wa Jumuiya Ukibadilishwa, Gunia la Mpunga Nalo Linaguswa



Mkulima wa Mpanda akimaliza kuvuna mpunga anafikiria mambo matatu: magunia, usafiri na bei. Mkataba haufikirii. Mkataba, anasema, ni mambo ya wakubwa kule Arusha. Lakini ile bei anayoifikiria, sehemu yake imetokana na mkataba. Mkataba huo ukibadilishwa, na bei inaweza kubadilika. Hata haki yake ya kwenda kushtaki inaweza kubadilika. Kwa hiyo leo tumeona tuzungumze habari za Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: unabadilishwaje, nani anaubadilisha, na sisi wa vijijini tunaingia wapi.

MKATABA NI NINI?

Wengi wetu ni wanachama wa vyama vya msingi vya tumbaku au vya mazao mengine. Kila chama kina masharti yake. Masharti yanasema nani ni mwanachama, nani ni kiongozi, fedha zinatunzwaje, na ugomvi unaamuliwa na nani. Mwenyekiti hawezi kuamka asubuhi akayabadili peke yake. Lazima mkutano mkuu ukae, wanachama waelezwe, wakubali au wakatae.

Mkataba wa Jumuiya nao ni masharti. Tofauti ni kwamba wanachama wake ni nchi. Nchi zinakubaliana, zinatia saini, halafu kila moja inauridhia kwa utaratibu wake. Kuridhia maana yake ni kusema: "Ndiyo, tumeukubali na tutaufuata." Hapa Tanzania, Katiba yetu imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hiyo. Hilo tulikumbuke, tutalirudia mwishoni.

JUMUIYA YA KWANZA ILIKUFAJE?

Wazee wanaikumbuka Jumuiya ya kwanza. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala mwaka 1967. Nchi zilikuwa 3: Kenya, Uganda na Tanzania. Reli, bandari, ndege, posta na simu vilikuwa mali ya pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya hiyo ikavunjika. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Kugawana mali kulichukua muda mrefu, hadi mwaka 1984.

Ilivunjika kwa nini? Sababu zilikuwa nyingi. Mambo makubwa yaliwategemea Marais watatu wakae pamoja. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo vikao vya wakuu vikakwama. Pia kulikuwa na malalamiko kwamba faida hazigawanywi sawa. Na jambo lingine: wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Nyumba ilikuwa ya serikali, wananchi walikuwa wapita njia. Ilipoanguka, wengi wetu tulibaki tukitazama tu.

Haya si maneno yetu tu. Mkataba mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi tarehe 7 Julai 2000, unayataja makosa hayo mwanzoni kabisa. Halafu unasema Jumuiya ya sasa iwe ya watu, siyo ya serikali peke yake. Je, ahadi hiyo imetimizwa? Tuone.

SHERIA IPI IKO JUU?

Jambo la kwanza la kujua ni hili. Katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba, sheria za Jumuiya ziko juu ya sheria za nchi zinazofanana nazo. Mfano mzuri ni forodha. Mwaka 2004 nchi wanachama zilitia saini itifaki ya Umoja wa Forodha. Itifaki ni mkataba mdogo unaozaliwa na mkataba mkubwa. Ikaanza kazi Januari 2005. Tangu hapo, ofisa wa forodha wa Tanzania na mwenzake wa Kenya au Uganda wanatumia sheria moja ya forodha, ile ya Jumuiya.

Basi ukiona sheria ya Jumuiya, usidhani ni ya wageni. Nayo inatawala hapa Katavi, hata kama Arusha ni mbali.

MKATABA ULIPOBADILISHWA HARAKA HARAKA

Sasa tufike kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina 9 ya wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki. Wananchi wengine wa Kenya wakalalamika: watu hawa hawakuchaguliwa na Bunge kama Mkataba unavyotaka. Wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tarehe 27 Novemba 2006 Mahakama ikazuia wabunge hao wasiapishwe kwanza, mpaka kesi isikilizwe.

Wakuu hawakufurahi. Tarehe 14 Desemba 2006, yaani siku 17 tu baadaye, Wakuu wa Nchi walikubali kubadilisha vifungu vya Mkataba vinavyohusu Mahakama hiyo hiyo. Mabadiliko yalikuwa haya:

1. Mahakama iligawanywa sehemu mbili: ya kuanzia na ya rufaa. Zamani aliyeshindwa hakuwa na pa kukata rufaa.

2. Sababu za kumsimamisha au kumwondoa jaji ziliongezwa.

3. Uliwekwa muda. Mtu anayetaka kulalamikia kitendo cha serikali au cha Jumuiya ni lazima afike Mahakamani ndani ya miezi 2 tangu kitendo kifanyike, au tangu alipokijua. Zamani kikomo hicho hakikuwamo.

Tusiseme yote yalikuwa mabaya. Kupata pa kukatia rufaa ni jambo jema. Lakini tufikirie ile miezi 2. Mtu wa kijijini apate habari, atafute fedha, atafute wakili, afike Arusha, yote hayo ndani ya siku 60 hivi! Kwa mtu wa mjini ni shida. Kwa mtu wa Mishamo au wa Karema ni shida mara mbili.

Je, wananchi waliulizwa? Hawakuulizwa. Mkataba wenyewe umeweka utaratibu. Pendekezo la kubadili linapelekwa kwa Katibu Mkuu kwa maandishi. Ndani ya siku 30 yeye analipeleka kwa nchi zote. Nchi zina siku 90 za kutoa maoni. Ndipo jambo liende kwa Baraza la Mawaziri na kwa Wakuu wa Nchi. Mwisho, nchi zote ziridhie. Siku 17 haziwezi kutosha kwa kazi hiyo.

Vyama vya wanasheria vya Afrika Mashariki, na cha kwetu kikiwamo, vilikwenda Mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama ikatoa hukumu. Ilisema kwamba kuubadilisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi ni kwenda kinyume cha Mkataba. Lakini mabadiliko yale haikuyafuta. Ilitaka kosa hilo lisirudiwe siku za mbele.

Ndugu msomaji, soma tena hapo. Kushirikishwa si hisani ya mkubwa. Mahakama imesema ni sharti la Mkataba.

MAJIRANI NG'AMBO YA ZIWA

Jumuiya imekua. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Zilikuwa 3, sasa ni 8.

Kwetu Katavi hii si habari ya mbali. Ukisimama Karema, mbele yako ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ni Kongo, upande wa Moba na Kalemie. Serikali imejenga bandari Karema kwa ajili ya biashara hiyo. Na ndugu zetu wa Katumba na Mishamo wanajua mambo ya mipaka kuliko wengi. Wazee wao walikimbia Burundi mwaka 1972, na kuanzia mwaka 2014 wengi walipewa hati za uraia wa Tanzania. Leo Burundi na Kongo zote ziko ndani ya Jumuiya moja na sisi.

Lakini tahadhari. Kutia saini ni kitu kimoja, kutekeleza ni kitu kingine. Nchi inapoingia inahitaji muda wa kulinganisha sheria zake na za Jumuiya. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Karema au Ikola asipakie magunia kwenye boti akidhani mambo yote yamekwisha. Aulize kwanza kwa watu wa forodha: kwa sasa bidhaa hii inatozwa nini upande ule?

Kwa wenye mtaji mdogo upo utaratibu rahisi wa Jumuiya. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinapewa cheti chepesi cha kuonyesha zilikotoka, na hazitozwi ushuru wa forodha. Tunajua wapo wanaopita njia za panya kwa kuogopa karatasi. Lakini karatasi hii inakulinda. Iulize, isome, ndipo usafiri.

JUMUIYA NA NCHI ZA NJE

Sasa turudi kwenye gunia la mpunga. Ndani ya Umoja wa Forodha nchi wanachama zimejenga ukuta mmoja wa ushuru kwa bidhaa za nje. Malighafi nyingi hazilipi kitu. Bidhaa nyingine zinalipa asilimia 10, nyingine 25. Tangu Julai 2022 kuna kiwango cha 35. Mazao machache yamewekewa kinga kubwa zaidi. Mahindi ya kutoka nje yamewekewa asilimia 50. Mchele umewekewa asilimia 75 ya thamani yake au dola 345 kwa tani, kile kilicho kikubwa zaidi.

Maana yake nini? Mchele wa Pakistani wa thamani ya shilingi 100,000 unatakiwa ulipe ushuru wa shilingi 75,000 au zaidi. Hapo mchele wa Mpimbwe unapata nafasi ya kushindana. Lakini Kenya, kwa kuwa inahitaji mchele mwingi, kwa miaka mingi imepewa ruhusa ya kutoza asilimia 35 tu. Basi mchele wetu ukifika Nairobi unakutana na mshindani mwenye nguvu. Uamuzi wa kikao kimoja, na bei ya mkulima inaguswa.

Mfano mwingine ni mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalimalizika mwaka 2014. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini. Tanzania ikakataa. Novemba 2016 Bunge letu lilijadili na kuona kwamba viwanda vyetu bado ni vichanga. Kwa kuwa ukuta ni mmoja, mmoja akifungua mlango peke yake, bidhaa za nje zinaweza kuingia hapo zikaenea nyumba nzima. Lakini Mkataba wa Jumuiya una kanuni inayoruhusu nchi kwenda kwa mwendo tofauti. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi wakairuhusu kanuni hiyo itumike. Kenya ikatia saini peke yake Desemba 2023, na mkataba huo ukaanza kazi Julai 2024.

Wako wanaosema hivyo ni vizuri, asiye tayari asimzuie aliye tayari. Wako wanaosema ukuta umepata ufa. Sisi tunasema: jambo hilo linamhusu mkulima, basi naye alijue.

SASA TUFANYE NINI?

Kwanza, tujue. Mkataba wa mwaka 1999 uliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikawa cha mawasiliano ya watu. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa navyo vitumike rasmi. Basi tudai karatasi za Jumuiya kwa Kiswahili. Kujua kusoma bila kuwa na cha kusoma ni kama kuwa na jembe bila shamba.

Pili, tuulize. Mabadiliko ya Mkataba yakitajwa redioni, tumwulize mbunge anapokuja kijijini: "Ndugu Mbunge, ni kifungu gani kinabadilishwa? Sisi tutapata nini, tutapoteza nini? Wewe utasema nini Bungeni?" Kumwuliza si utovu wa adabu. Kuridhia mikataba ni kazi yake, na sisi ndio tuliomtuma.

Tatu, tusichelewe. Miezi 2 ni michache. Ukiona haki yako chini ya Mkataba imevunjwa, andika tarehe siku hiyo hiyo. Tunza risiti na barua. Tafuta msaada wa kisheria mapema.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa masharti ya nyumba yanabadilishwa naye amelala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Jumuiya ya kwanza ilivunjika kwa sababu zipi? Ni ipi kubwa kwa maoni yenu?

2. Mabadiliko ya mwaka 2006 yalikuwa na faida gani na hasara gani?

3. Ushuru wa mchele wa nje ukipungua, nani atafurahi na nani ataumia? Wafikirieni mkulima na mnunuzi pia.

4. Je, katika kijiji chenu mtu anaweza kufika Mahakamani Arusha ndani ya miezi 2? Kama hawezi, mngependa kifungu hicho kiseme nini?