Kuhamia Kamera Isiyo na Kioo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kubadili Chapa

Kwa zaidi ya nusu karne, kamera ya mpiga picha mweledi ilibeba kioo kidogo nyuma ya lenzi. Kioo hicho kiliupokea mwanga na kuupeleka kwenye dirisha la kutazamia. Kidole kilipobonyeza, kioo kiliinuka, mwanga ukapita na picha ikanaswa. Mwaka 2008 ilitoka kamera ya Panasonic iliyoondoa kioo hicho, mwanga ukawa unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi. Sony iliingia mwaka 2010. Canon na Nikon zilipoleta kamera kubwa za namna hiyo mwaka 2018, mwelekeo wa soko zima ulikuwa umekwisha kugeuka. Sony iliachana na kamera zake za mfumo wa zamani mwaka 2021, na sasa lenzi mpya nyingi hutengenezwa kwa ajili ya kamera zisizo na kioo.

Kwa sababu hiyo, wapiga picha wengi wa harusi, wa studio, wa magazeti na wa taasisi wamefika penye njia panda. Wapo wanaoambiwa dukani kwamba vifaa vyao vya zamani havina thamani tena, na kwamba maadamu wanahama, ni heri wauze vyote na kuanza na chapa nyingine. Ushauri huo waweza kuwa sahihi kwa mlaji mmoja na ukamwingiza mwingine katika deni lisilo na sababu. Katika sehemu hii tunaeleza namna ya kuupima.

Lenzi ndizo mtaji

Mlaji anapofikiria kamera, macho huenda kwenye mwili wa kamera. Kwa hesabu ya fedha, hata hivyo, mtaji mkubwa wa mpiga picha wa kazi mara nyingi umo katika lenzi. Mwili wa kamera hupitwa na wakati haraka. Lenzi nzuri iliyotunzwa hutumika miaka mingi, ikipita kutoka kamera moja hadi nyingine.

Kila chapa ina kiungio chake, yaani ile pete ya chuma inayoishika lenzi kwenye kamera. Lenzi ya Canon haiingii kwenye kamera ya Nikon, wala ya Nikon kwenye kamera ya Sony. Zaidi ya hapo, kamera zisizo na kioo zimekuja na viungio vipya hata ndani ya chapa ile ile. Canon imetoka kiungio cha EF cha mwaka 1987 na kwenda RF. Nikon imetoka kiungio cha F cha mwaka 1959 na kwenda Z. Hivyo hata mlaji asiyebadili chapa hawezi kuichukua lenzi yake ya zamani na kuifunga moja kwa moja kwenye kamera mpya. Anahitaji adapta.

Adapta inapofaa na inapokwama

Kioo kilihitaji nafasi ya kuinukia. Kwa hiyo lenzi za kiungio cha F cha Nikon hukaa milimita 46.5 mbele ya kihisi, na zile za EF za Canon milimita 44. Kioo kilipoondolewa, umbali huo ulipungua: milimita 16 kwa kiungio cha Z, 18 kwa kiungio cha E cha Sony, na 20 kwa RF. Pengo linalobaki ndipo adapta inapokaa. Kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kurudisha umbali uliopotea, adapta haihitaji kuwa na kioo cha lenzi ndani yake, na ubora wa picha haupungui. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF au ya Z haiwezi kufanya kazi ipasavyo kwenye kamera ya zamani yenye kioo. Anayenunua lenzi mpya huku akiendelea kutumia kamera zote mbili aikumbuke kanuni hiyo.

Swali la pili ni kama lenzi itaendelea kulenga yenyewe. Hapa chapa hutofautiana. Tangu mwaka 1987, lenzi za EF za Canon zinazolenga zenyewe zimekuwa na mota ndani, nazo huwasiliana na kamera kwa umeme tu. Adapta ya Canon yenyewe hupitisha mawasiliano hayo, na lenzi hizo hulenga vizuri kwenye kamera za RF. Kwa Nikon, lenzi zenye alama ya AF-S au AF-P zina mota yao na hulenga kupitia adapta ya FTZ. Lakini zile za AF na AF-D zilitegemea mota iliyokuwa ndani ya mwili wa kamera, na adapta ya FTZ haina mota. Lenzi hizo zitapiga picha, ila mpiga picha atalenga kwa mkono. Kwa anayepiga picha za mandhari hilo halina uzito mkubwa. Kwa anayemfuata bibi harusi akiingia ukumbini, ni jambo la kujua kabla ya siku ya kazi.

Zipo pia adapta za kampuni nyingine zinazovusha lenzi kutoka chapa moja hadi nyingine, kwa mfano lenzi za EF kwenye kamera za Sony. Nyingi hufanya kazi, lakini kasi ya kulenga hutofautiana kati ya lenzi na lenzi. Tunamshauri mlaji asikubali neno la muuzaji peke yake: aende na lenzi yake dukani, aifunge, alenge kitu kinachotembea, kisha aamue.

Mitego miwili inastahili kutajwa. Wa kwanza ni kamera za Canon za jina la EOS M, ambazo hazina kioo lakini zina kiungio cha EF-M. Mfumo huo ulifungwa mwaka 2023, na lenzi zake haziingii kwenye kamera za RF. Bei yake ndogo katika soko la vifaa vilivyotumika isimfanye mlaji adhani ameingia katika mfumo mpya wa Canon. Wa pili ni lenzi zilizotengenezwa kwa kihisi kidogo. Lenzi ya EF-S ikifungwa kwa adapta kwenye kamera ya RF yenye kihisi kikubwa, kamera hukata kingo za picha. Kamera ya pikseli milioni 30 hutoa hapo picha ya pikseli takriban milioni 12.

Gharama zisizoonekana kwenye bei

Betri. Kamera isiyo na kioo huwasha kihisi na skrini yake muda wote unapotazama, kwa hiyo hula umeme zaidi. Kwa kipimo kinachotumiwa na watengenezaji, Canon 5D Mark IV yenye kioo hupiga picha 900 kwa betri moja; EOS R isiyo na kioo, kwa betri ya aina ile ile, hupiga 370. Anayefanya kazi ya siku nzima, tena mahali ambapo umeme si wa uhakika, ahesabu betri mbili au tatu za ziada.

Kadi za kumbukumbu. Kamera nyingi za kati hutumia kadi za SD, lakini baadhi ya kamera za juu hudai kadi za CFexpress, ambazo bei yake ni kubwa na husomwa kwa kisomaji chake. Kadi za CompactFlash za kamera za zamani haziingii kwenye zote mbili.

Flashi. Flashi ya chapa moja haielewani kikamilifu na kamera ya chapa nyingine. Aidha, baadhi ya kamera za bei nafuu hutolewa bila pini ya katikati kwenye sehemu ya kufungia flashi, na hivyo flashi nyingi za kampuni nyingine haziwaki.

Hesabu ya mfano

Tuchukulie mpiga picha wa harusi mwenye kamera ya Nikon yenye kioo, lenzi mbili kubwa za AF-S, lenzi moja ndogo ya AF-D na flashi. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Mlaji aweke za soko lake.

Akibaki na Nikon, atanunua mwili wa kamera kwa shilingi 4,000,000, adapta 600,000, lenzi ndogo mpya 800,000, betri mbili 300,000 na kadi 200,000. Jumla ni shilingi 5,900,000. Akiuza kamera ya zamani kwa 1,000,000 na lenzi ndogo kwa 300,000, atakuwa ametoa mfukoni shilingi 4,600,000.

Akibadili chapa, atanunua mwili kwa 4,000,000, lenzi tatu kwa 8,800,000, flashi 700,000, betri 300,000 na kadi 200,000. Jumla ni 14,000,000. Akiuza vifaa vyake vyote kwa 4,700,000, atakuwa ametoa shilingi 9,300,000.

Tofauti ni shilingi 4,700,000. Ikiwa harusi moja humwachia faida ya shilingi 150,000 baada ya usafiri, uchapishaji na malipo ya msaidizi, tofauti hiyo ni sawa na harusi 31, na salio. Ikiwa fedha hizo ni za mkopo, riba iongezwe juu yake. Swali basi ni je, chapa mpya itampa nini kinacholingana na kazi hiyo yote?

Lini kubadili kuna maana

Zipo hali ambazo jibu ni ndiyo. Mlaji mwenye mwili mmoja na lenzi ya mwanzo iliyokuja nayo kwenye boksi hana mtaji mkubwa wa kupoteza. Huyo yuko huru kuchagua upya. Vivyo hivyo anayehitaji lenzi ambayo chapa yake haina, au ambaye wenzake wa kazi hutumia chapa nyingine na huazimana lenzi. Uhuru wa kununua lenzi za kampuni nyingine nao ni sababu: kiungio cha E cha Sony kimekuwa na lenzi nyingi za Sigma na Tamron kwa miaka mingi, ilhali kiungio cha RF kilikaa muda mrefu bila hizo, hadi mwaka 2024 zilipoanza kuja, kwanza za kihisi kidogo. Mwisho, apatikane fundi. Chapa isiyo na fundi wala vipuri karibu nawe ni ghali hata ikiuzwa kwa bei ya chini.

Na ipo njia ya tatu: kungoja. Kamera yenye kioo inayokupatia riziki leo haitaacha kupiga picha kwa sababu mtengenezaji ametoa nyingine.

Kununua vilivyotumika

Wakati wa kuhama, wengi huuza na kununua vifaa vilivyotumika. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, adui wa lenzi ni ukungu. Elekeza lenzi kwenye mwanga, tazama ndani kutoka pande zote mbili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni dalili yake. Kwa kamera, uliza idadi ya picha ilizokwisha kupiga, kisha piga picha ya ukuta mweupe na uikuze uone madoa. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye mwili na ile ya boksi na risiti. Kifaa kisicho na risiti wala mwenye kueleza kilikotoka chaweza kuwa cha wizi.

Jihadhari pia na betri na kadi za bandia. Kadi bandia huweza kujitangaza kuwa na ujazo mkubwa kuliko ilio nao, na picha za mwisho zikapotea. Ijaze kadi mpya hadi mwisho na uzifungue picha zote kabla ya kuitumia kwa kazi ya mteja.

Dhamana na haki zako

Kamera nyingine huletwa nchini nje ya njia za wakala wa mtengenezaji. Kufanya hivyo peke yake hakuifanyi kuwa bandia, lakini dhamana yake yaweza kuwa ya nchi nyingine. Kabla ya kulipa, uliza na upate kwa maandishi:

1. Dhamana inatolewa na nani, mtengenezaji au duka, na kwa muda gani?
2. Ikiharibika, itatengenezwa wapi, na nani atalipa usafirishaji?
3. Je, kamera ni mpya, imetumika, au imekarabatiwa?
4. Je, lenzi zangu, nikizitaja moja moja, zitalenga zenyewe kwa adapta hii?

Swali la nne lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Muuzaji akiandika kwenye risiti kwamba lenzi fulani italenga yenyewe, nayo isilenge, mlaji ana ushahidi. Akisema kwa mdomo tu, shauri huwa gumu kuthibitisha.

Dai risiti ya kielektroniki yenye jina la kifaa na namba yake ya utambulisho, na uitunze pamoja na boksi. Tatizo likitokea, mwandikie muuzaji kwanza ukieleza kasoro na unachodai: matengenezo, kubadilishiwa, au kurejeshewa fedha. Asipojibu au akikataa bila sababu, leta kwetu nakala ya risiti, barua yako na kifaa chenyewe. Usikifungue wala kukipeleka kwa fundi mwingine kabla ya hapo, kwani kasoro iliyokwisha kuguswa ni vigumu kujua ilianzia wapi.