Maoni ya wasomaji kuhusu riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali ni riwaya ya Aniceti Kitereza (1896–1981), mwandishi wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, Mkoa wa Mwanza, Tanzania. Kitereza aliiandika kwa Kikerewe na kuimaliza mwaka 1945. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Ina kurasa zaidi ya 600, hivyo ni kati ya riwaya ndefu kabisa za Kiswahili.

Wasomaji wa kitabu hiki wametofautiana sana. Wengine wanakiona kuwa hazina ya maisha ya kale na mojawapo ya kazi kubwa za fasihi ya Afrika Mashariki. Wengine wanakiona kirefu mno, chenye maelezo mengi kuliko matukio, na wanauliza kama kweli ni riwaya. Makala hii inaeleza kitabu chenyewe, kisha hoja kuu za pande hizo.

Mwandishi na safari ya mswada

Kitereza alizaliwa Ukerewe katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho, ambao mtawala wao aliitwa omukama. Alisoma katika shule ya misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, alikojifunza Kilatini pamoja na lugha nyingine. Hakuendelea hadi upadri. Mwaka 1919 alifunga ndoa na Anna Katura. Watoto wao hawakuishi, na wazee hao wawili walifikia uzeeni bila mtoto.

Alitaka kuandika kitabu ambacho vijana wangekisoma na kujua jinsi babu zao walivyoishi, na kwa lugha yao wenyewe. Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alimtia moyo na kujaribu kuutafutia mswada njia ya kuchapishwa. Jitihada hizo hazikufanikiwa, kwa kuwa Kikerewe kina wasemaji wachache na wachapishaji hawakuona soko.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti, wakafahamiana na Kitereza. Wao walimhimiza autafsiri mswada kwa Kiswahili, na mwaka 1972 waliandika makala iliyomtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Afrika. Kitabu kilipotoka hatimaye, mwandishi alikuwa mzee mgonjwa. Alifariki mwaka 1981 kabla ya nakala kumfikia. Kutoka kumaliza mswada hadi kuchapishwa ilipita miaka 35.

Muhtasari wa hadithi

Hadithi inatokea Ukerewe kabla ya kuja kwa Wazungu. Myombekere na Bugonoka ni mume na mke wanaopendana, lakini hawajapata mtoto aliyeishi. Ndugu wa mume wanamlaumu mke, na maneno yao makali yanamfikia. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani kwao. Watu wanatarajia kwamba Myombekere ataoa mke mwingine. Yeye hakubali. Anakwenda kwa wakwe zake kuomba arudishiwe mkewe, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Sehemu kubwa ya mwanzo wa kitabu inahusu jinsi faini hiyo inavyotafutwa, kupikwa na kupelekwa, na jinsi ndugu na majirani wanavyosaidia. Baada ya Bugonoka kurudi, wawili hao wanamtafuta mganga. Matibabu yanafanikiwa: anazaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Sehemu ya pili inafuata watoto hao wanavyokua, kuugua, kuoa na kuolewa, hadi uzee na kifo cha wazazi wao.

Majina ya watoto yanabeba hofu ya wazazi waliokwisha kufiwa. Ntulanalwo huelezwa kuwa na maana ya "ninaishi nacho", yaani kifo. Bulihwali ni swali: mateso yataisha lini?

Je, ni riwaya au ni kitabu cha mila?

Hoja ya kwanza na ya zamani zaidi inahusu aina ya kitabu. Kitereza haelezi jambo kwa kifupi. Wageni wanapofika, msomaji anasikia salamu zote na majibu yake. Pombe ya ndizi inapotengenezwa, kila hatua inaelezwa, kuanzia ndizi hadi chombo cha kunywea. Ndivyo ilivyo pia kwa kilimo, uvuvi, ufugaji, uganga, uzazi, unyago wa maneno ya wazee na mazishi.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wasomaji wanakitumia kama chanzo cha elimu ya jamii na historia. Kwa maoni yao wahusika ni kama uzi tu wa kushikilia maelezo ya mila. Hata tafsiri ya Kiingereza imepewa maelezo ya ziada katika jina lake yanayosema kwamba ni hadithi ya jamii ya kale ya Kiafrika, na hivyo msomaji anafungua kitabu akiwa tayari anatafuta jamii kuliko watu wawili.

Wanaopinga wanasema kwamba bila mgogoro wa ndoa kitabu kisingekuwapo. Myombekere anavutwa huku na ndugu zake na kule na mapenzi yake. Bugonoka anavutwa na utii kwa wazazi na hamu ya kurudi kwa mumewe. Msomaji hajui kama watapata mtoto, na wakimpata hajui kama ataishi. Huo ni msuko wa riwaya. Mila zinaonekana kwa sababu ndizo zinazowazuia wahusika au kuwapa njia.

Urefu na mwendo wa hadithi

Hoja ya pili inahusu urefu. Riwaya nyingi za Kiswahili ni fupi na matukio yake huenda haraka. Mwanafunzi aliyezoea Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ambaye naye alikuwa mwenyeji wa Ukerewe, anaweza kuchoka anapokutana na kurasa nyingi za maandalizi ya pombe. Kwake, hadithi imesimama. Unene wa kitabu pia unafanya kiwe kigumu kufundishwa darasani katika muda wa muhula.

Wasomaji wengine wanaona kwamba mwendo huo wa polepole ndio hadithi yenyewe. Faini ya pombe si jambo la siku moja. Ndizi lazima zipatikane, ziive na kukamuliwa, na watu wa kusaidia waombwe kwa adabu. Kama mwandishi angesema kwa sentensi moja tu kwamba Myombekere alilipa faini akarudishiwa mke, msomaji asingeona gharama yake. Anaposubiri pamoja na Myombekere, anaelewa kwa nini ndoa iliyopatanishwa kwa kazi kubwa hivyo haivunjwi kirahisi. Vivyo hivyo kwa mimba: wanandoa wamengoja miaka, na kitabu hakimruhusu msomaji kuiruka miaka hiyo.

Uganga, wafu na swali la ukweli

Katika riwaya hii watu wanapiga ramli, wanaogopa uchawi, wanawaheshimu wafu na kutafuta dawa kwa waganga. Msomaji wa mbali anaweza kuyachukua mambo hayo kama mambo ya kubuni, sawa na ngano za majitu na mazimwi. Tafsiri ya Kijerumani, iliyofanywa na Wilhelm Möhlig na kutolewa katika juzuu mbili (1991 na 1993), iliitwa Die Kinder der Regenmacher na Der Schlangentöter, yaani "Watoto wa Waleta Mvua" na "Muua Nyoka". Tafsiri ya Kifaransa ya miaka ya 1990 ilifuata mtindo huo huo. Majina hayo yanamwahidi msomaji maajabu. Jina alilolitoa Kitereza ni majina ya watu wanne wa nyumba moja tu.

Kulinganisha na vitabu vingine vya Kiswahili kunasaidia hapa. Katika Kusadikika (1951) Shaaban Robert alibuni nchi isiyokuwapo, na katika Adili na Nduguze (1952) aliwaleta majini na binadamu waliogeuzwa manyani. Msomaji anajua tangu mwanzo kwamba yuko katika dunia ya kubuni, na anatafuta fumbo. Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja kabisa uhalisia. Kitereza hafanyi hivyo. Nchi yake ni Ukerewe, na uganga unatajwa kwa sauti ile ile inayotajia jembe na mtumbwi, kwa sababu wahusika waliuona kuwa sehemu ya maisha ya kila siku.

Jambo hili limezua swali jingine. Kitereza alikuwa Mkatoliki aliyelelewa na misheni, lakini haikatizi hadithi ili kuwahukumu wahenga kwa imani yao. Kuna wanaouona huo kuwa uaminifu wa mwandishi kwa watu anaowaeleza. Kuna wanaotamani angesema waziwazi msimamo wake.

Je, Ukerewe ya kale ilikuwa na amani hivyo?

Hoja nyingine inatoka kwa wanaosoma historia. Utafiti wa Gerald Hartwig, uliotolewa kama kitabu mwaka 1976, unaonyesha kwamba katika karne ya 19 Ukerewe ilihusika katika biashara ya masafa marefu, hasa ya pembe za ndovu, na kwamba biashara hiyo ilileta mabadiliko na mivutano. Henry Morton Stanley alifika kisiwani mwaka 1875. Katika riwaya mambo hayo makubwa hayana nafasi. Dunia ya Myombekere ni ya ndugu, majirani, mashamba na ziwa. Kwa hiyo baadhi ya wasomaji wanasema Kitereza alipamba zamani na kuacha uchungu wake.

Jibu la upande wa pili ni kwamba uchungu upo, ila ni wa ndani ya nyumba: masimango ya ndugu, vifo vya watoto, magonjwa na hofu ya kurogwa. Pia wanakumbusha wakati wa kuandikwa kwake. Mwaka 1945 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na shuleni mtoto alifundishwa historia iliyoanza na kuja kwa wageni. Chinua Achebe alitoa Things Fall Apart mwaka 1958, na humo kufika kwa Wazungu ndiko kunakovunja jamii ya Okonkwo. Kitereza, aliyemaliza kazi yake miaka 13 kabla ya hapo, aliandika kuhusu Waafrika bila kumhitaji Mzungu ndani ya hadithi.

Nafasi ya Bugonoka

Wasomaji wa siku hizi wanajadili pia hali ya mwanamke. Bugonoka ndiye anayelaumiwa kwa kukosa mtoto, na wazazi wake na mumewe ndio wanaoamua arudi lini. Kwa baadhi ya wasomaji, riwaya inaonyesha mfumo unaompima mwanamke kwa uzazi bila kuupinga.

Wengine wanaangalia anachofanya Myombekere. Katika jamii ambayo kuoa mke wa pili lingekuwa jambo la kawaida, na ambamo ndugu zake wanamsukuma, anachagua kumfuata mke asiye na mtoto. Jina la Bugonoka limewekwa karibu na la mumewe katika jina la kitabu. Wanaojua maisha ya mwandishi wanaona uhusiano wa karibu: Kitereza naye alibaki na Anna, ingawa hawakubakiwa na mtoto. Katika kitabu aliwapa Myombekere na Bugonoka watoto ambao yeye na mkewe hawakuwa nao.

Lugha

Kiswahili cha riwaya hii si cha pwani. Methali, salamu na mpangilio wa mazungumzo vina ladha ya Kikerewe. Wapo wanaoona hilo kuwa kasoro inayomzuia msomaji. Wapo wanaoliona kuwa faida, kwa kuwa Kiswahili kimepokea namna ya kusema ya watu wa ziwani. Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwenyeji wa Ukerewe, aliporudi kwenye mswada wa Kikerewe kwa ajili ya tafsiri yake ya Kiingereza, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002, aliwawezesha wasomaji kufikia kazi ya kwanza ya Kitereza bila kupitia Kiswahili.

Hata hivyo lengo la mwanzo la mwandishi, yaani kijana Mkerewe kusoma habari za babu zake kwa Kikerewe, ndilo lililochelewa kuliko yote. Kitabu kilisomwa kwa Kiswahili, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza wakati lugha kilichoandikiwa haijapata toleo lake. Kwa hiyo mabishano kuhusu thamani yake yameendeshwa kwa sehemu kubwa na wasomaji wa tafsiri.