Wageni wa Siri katika Tangi la Matumbawe

Mwezi Machi 1909 usingalileta habari ya namna hii, lakini mwezi Machi 2009 huko Newquay, kusini-magharibi ya Uingereza, wafanyakazi wa jumba la kuonyeshea samaki walimnasa mnyoo mwenye urefu wa zaidi ya mita moja ndani ya tangi la matumbawe. Kwa muda mrefu matumbawe yalikuwa yakikutwa yamekatwa, na mkosaji haonekani. Mitego ya chambo haikufaa kitu; ilibidi mawe yatolewe moja moja. Yadhaniwa kwamba aliingia akiwa mdogo, amejificha ndani ya jiwe au tumbawe.

Mawe hayo hutolewa baharini yakiwa yamejaa uhai, kwa kuwa bakteria waliomo hugeuza amonia itokayo katika kinyesi cha samaki, ambayo ni sumu, ikawa naitreti isiyo na madhara makubwa. Lakini tundu linalohifadhi bakteria laweza pia kumhifadhi kaa, konokono au mnyoo. Wengi wa wageni hao hawana madhara, na kuwaua bila kuwatambua ni hasara.

Minyoo ndiyo hushtakiwa zaidi. Ile yenye vishungi vya vinyoya vyeupe ubavuni kwa kawaida hula mabaki ya chakula, na hivyo husafisha tangi. Ila isishikwe kwa mkono mtupu, maana vinyoya vyake huwasha kama upupu. Mnyoo wa jamii ya Eunice, kama yule wa Newquay, hutambulikana kwa vipapasio vitano kichwani, taya zenye nguvu, na mwili unaometameta rangi za upinde wa mvua. Hutoka usiku, kwa hiyo humulikwa kwa taa nyekundu, kwani wanyama wengi wa namna hiyo hawaoni vizuri mwanga huo.

Mlio wa "ta!" usiku nao huwatia watu hofu. Huenda ni yule kamba mwenye mikono ya kukunja kama vunjajungu, avunjaye magamba ya konokono na kuua samaki. Lakini kamba mdogo wa jamii ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa, hulia vivyo hivyo, naye kwa kawaida hawadhuru samaki. Magamba yaliyovunjika ni ushahidi bora kuliko mlio.

Hatari iliyo kubwa kwa binadamu haina taya wala gando. Ni Palythoa, viumbe vya rangi ya kahawia vinavyofanana na maua madogo na kutanda juu ya jiwe. Baadhi yao wana palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zijulikanazo, nayo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Mwaka 2007, katika jimbo la Virginia, Marekani, mtu mmoja alijaribu kuwaangamiza kwa maji ya moto. Akavuta mvuke wake, akashikwa na maumivu ya kifua na kupungukiwa pumzi. Hapa jicho halisaidii, kwa kuwa wenye sumu na wasio nayo hufanana mno. Yapasa wote wahesabiwe kuwa na sumu: jiwe lisichemshwe wala kusuguliwa kwa brashi, bali litolewe likiwa bado limelowa, kwa glavu na miwani ya kukinga macho, na kufungwa ndani ya mfuko.