Maziwa hayaoshi mapafu

Kila kiangazi maswali ya wasomaji hurudi yale yale, na la kwanza ni hili: nikinywa maziwa baada ya kushinda kwenye moshi, nitakuwa salama? Hapana. Maziwa huenda tumboni. Njia ya chakula na njia ya hewa huachana kooni, na kinachoshuka huku hakioshi kule.

Moshi wenyewe hutoka kwenye majiko ya mkaa na kuni, injini kuukuu za dizeli, majalala yanayofuka usiku kucha. Kati ya Juni na Oktoba huongezeka moto wa nyika na mashamba huko Angola, Zambia, kusini mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania, ambao moshi wake husafiri mamia ya kilomita bila kuulizwa pasipoti.

Balaa limo katika udogo wa chembe. Vumbi nene hukimbia kama lori lenye mzigo: likifika kwenye kona za pua na koo hushindwa kukata, hugonga ukuta na kunaswa na kamasi. Ule weusi unaouona kwenye leso ukipenga ni malori yaliyokwisha kukamatwa. Chembe laini za moshi, zisizozidi mikromita 2.5 ilhali unywele una takriban 70, ni bodaboda. Hukata kila kona hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, ambako hakuna vijinywele vya kuzifagia. Seli walinzi huzimeza, lakini masizi hayameng'enyeki. Seli huelemewa, hupiga kengele, na athari yake huingia hadi kwenye damu. Mishipa huumia, damu huganda kwa urahisi. Ndiyo maana moshi haukomei kwenye kikohozi na pumu; huleta kiharusi na mshtuko wa moyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo milioni 4.2 mwaka 2019.

Basi yule muuza "chai ya kusafisha mapafu" atueleze chai yake inapitia mlango gani. Jibu hana, bei anayo.

Cha kufanya: pikia nje, na jiko lisilale chumbani hata mkaa ukikolea, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Taka zisichomwe. Barakoa ya kitambaa haitoshi, tafuta N95. Mtoto akihema haraka na mbavu zikibonyea, hospitali mara moja.

Na tajiri anayewagawia wapiga rangi wake pakiti ya maziwa jioni badala ya barakoa asubuhi hajawakinga, amebana matumizi.