Petroli ya Utotoni, Mtoto wa Leo

Nikiwa na mimba ya miezi mitano, mume wangu aliniletea zawadi nyumbani kwetu Bukoba. Si maua, jamani! Ni betri tatu mbovu za magari, akazipanga barazani. "Nazifufua, naziuza, tunapata hela ya kitanda cha mtoto, mama kijacho." Nami nikampongeza.

Wiki ileile, kliniki, nesi akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Nyumbani kuna mtu anafungua betri?"

Hapo ndipo nilipoanza kuijua risasi. Simaanishi ya bunduki, bali madini yenyewe, yale yanayojaa ndani ya betri ya gari. Na nesi alipozidi kueleza, akili yangu ikakimbilia Muleba.

Miaka ya 1990 mama aliuza petroli kwa chupa kando ya barabara iendayo Biharamulo. Kazi yangu ilikuwa kunyonya mpira ili petroli ishuke kutoka kwenye dumu. Ikiingia mdomoni natema, nasukutua, kazi inaendelea. Petroli ya enzi zile ilitiwa risasi ili injini isigonge, ujanja uliogunduliwa Marekani mwaka 1921. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuachana nayo, na ilipofika Januari 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuwauzia wenye magari, Julai 2021.

"Basi yamekwisha," akasema mume wangu. Hayajaisha, mpenzi.

MIFUPA HAISAHAU

Kwenye damu, risasi hukaa wiki kadhaa tu. Kwenye mifupa inaweza kukaa miaka 20 na zaidi, kwa sababu mwili huipokea kama kalsiamu na kuitunza. Ukishika mimba, mtoto anataka kalsiamu ya kujengea mifupa yake. Usipoila ya kutosha, mwili huichota kwenye mifupa yako, na risasi ya zamani hutoka nayo. Kondo la nyuma haliizuii. Inaweza kuharibu mimba, kumtoa mtoto kabla ya siku zake au na uzito mdogo, na kuudhuru ubongo wake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Usiku ule nililia. Asubuhi nikampigia mama. Akanyamaza kwanza, kisha akasema: "Mwanangu, tulikuwa hatujui. Petroli ile ndiyo iliyokusomesha." Ningemjibu nini?

Nesi ndiye aliyenituliza: "Ya mifupani huwezi kuing'oa. Ya barazani unaweza."

Kazi ikawa kumshawishi baba mtoto. "Mbona nazifungulia nje?" akang'aka. Nikamwonyesha shati lake la kazi, lililokuwa beseni moja na kanga zangu. Vumbi la risasi halionekani, wala halinuki. Linaingia ndani na viatu, nguo, mikono. Tulinuniana siku mbili. Siku ya tatu akazipeleka betri kwa mnunuzi wa chakavu bila kuzifungua, kwa bei ya hasara.

KWA WEWE NA MWENZIO

Kama kazi ya mwenzio ni gereji, betri au kukwangua rangi za zamani, abadili nguo na kuoga kabla ya kukukumbatia. Nguo zake zifuliwe peke yake.

Kula dagaa pamoja na mifupa yake, kunywa maziwa, na usiviruke vidonge vya madini ya chuma. Mwili wenye kalsiamu na chuma cha kutosha hufyonza risasi kidogo.

Punguza hamu ya udongo. Najua, mwenzangu, hata mimi niliupenda! Utafiti kuhusu wajawazito wa Geita, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta zebaki na arseniki kwenye udongo wanaokula.

Kliniki, simulia kazi za nyumbani kwenu, hata za zamani. Usione aibu.

Binti yetu sasa ana mwaka mmoja. Kitanda tuliazima kwa wifi. Juzi tulimpeleka Muleba, na bibi yake akamnusa shingoni, akacheka: "Huyu hanuki petroli."